Keria ya Kubebea Unyoya

Katika nchi yetu, ambayo siitaji jina kwa kuwa bado ninaishi humo, vitu havipimwi kwa mizani. Mizani tuliachana nazo zamani, baada ya kugundulika kwamba zinabishana na viongozi. Siku hizi kitu kinapimwa kwa kutajwa jukwaani. Mtukufu Mkuu wa Nchi akisema kwenye hotuba kwamba maghala yamejaa, yamejaa, na mwenye njaa atafute kosa lake mwenyewe. Akisema mto fulani maji yake ni ya magotini, basi aliyezama pale alikuwa amepiga magoti. Ipo idara nzima ya kazi hiyo, Idara ya Vipimo na Kauli. Watumishi wake husikiliza hotuba, huokota kila sifa iliyotamkwa, na kuiandika kwenye daftari kubwa kama kipimo rasmi cha taifa.

Mimi ni karani. Nimeandika mihtasari ya vikao vya serikali kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo sijaandika hata jambo moja nililoliona kwa macho yangu. Ndiyo maana nimedumu kazini.

Mwaka ninaousimulia, marafiki wa ng'ambo walituletea baiskeli za umeme kwa ajili ya wakunga wa vijijini. Zilikuwa baiskeli nzuri kweli, nyeusi, zenye matairi mapana na betri nene iliyofungwa kwenye fremu. Kila moja ilikuwa na kilo thelathini, kama mfuko wa mchele uliopunjwa kidogo. Mtukufu alikwenda bandarini kuzipokea. Alishika usukani wa mojawapo, bila kuinyanyua, maana Mtukufu hanyanyui vitu, akasema:

"Ndugu wananchi, baiskeli hizi wepesi wake ni wa unyoya! Hata marehemu bibi yangu angeibeba kwa kidole!"

Watu wakapiga makofi mpaka viganja vikawaka. Mkurugenzi wa Vipimo na Kauli, Bi. Eufrazia, peke yake hakupiga makofi, kwa sababu alikuwa anaandika. Tangu dakika ile, kisheria, baiskeli ya umeme ina uzito wa unyoya mmoja. Baadaye aliandika barua Ikulu kuuliza kama ni unyoya wa kuku au wa mbuni, kwa sababu idara yake haipendi kubahatisha. Jibu lilikuja baada ya wiki tatu: wa kuku.

Mtu mwenye akili za kawaida angeuliza, baiskeli si chombo cha kupanda? Mkunga si aje, aipande, aende zake? Lakini mtu mwenye akili za kawaida hafanyi kazi Itifaki. Itifaki walieleza kwamba zawadi ya Mtukufu haijipeleki yenyewe kwa mwenyewe, kama mbwa anayerudi nyumbani. Inapelekwa. Na haipelekwi kwa lori, kwa sababu lori hubeba simenti na mbuzi. Inapelekwa nyuma ya shangingi la kiongozi, wazi, wananchi wa njiani waione wapunge mikono. Kwa hiyo ilihitajika keria, yaani yale machuma yanayofungwa kwenye gari ili yabebe baiskeli. Na palipohitajika keria, ilihitajika Kamati ya Taifa ya Uteuzi wa Keria.

Mwenyekiti wake alikuwa Naibu Waziri wa Usafiri Mwepesi, Mheshimiwa Dakta Barnaba Mkwiche, ambaye udaktari wake ulitajwa jukwaani. Bi. Eufrazia alikuwa mjumbe wa kudumu. Mimi nilikuwa karani. Awamu ya kwanza ilikuwa ya baiskeli mbili tu: moja ya mkunga wa zahanati ya Mtakuja, na ya pili ya Mheshimiwa kupigiwa picha.

Siku ya kikao cha kwanza mlango ulibishwa, akaingia mwanamke mfupi wa miaka arobaini na kitu, viatu vyake vimejaa vumbi la safari, begani ana mkoba wa turubai.

"Shikamooni, waheshimiwa. Naitwa Sijaona, mkunga wa Mtakuja. Nimesikia baiskeli yangu ipo hapa. Nimekuja kuichukua."

"Uichukue vipi, mama?" akauliza Dakta Mkwiche.

"Nitaipanda, Mheshimiwa."

Wajumbe walitazamana kama watu waliosikia tusi kanisani. Ikabidi ajieleze. Akasema kule kwao kuna mwanamke anaitwa Mwasiti, ana mimba ya mapacha, na uzazi wake wa kwanza alivuja damu nusura afe. Anakaa kitongoji cha Kilima Ndege, kilometa kumi na nane kutoka zahanati, njia yote mlima. Zahanati haina hata kitanda cha kumlaza akisubiri siku zake.

"Mwisho wa mwezi ujao anajifungua," akasema. "Kwa miguu ni saa nne na ushee. Kwa hii baiskeli ni saa moja. Akianza kuvuja nami niko njiani, waheshimiwa wangu, nitamkuta maiti."

Dakta Mkwiche aliguswa sana. Alivua miwani, akaifuta, akasema kamati imepokea mchango huo kwa uzito unaostahili, na utajadiliwa kwenye Mengineyo. Sijaona akapewa kiti karibu na mlango na cheo cha Mwakilishi wa Walengwa. Mengineyo, kama mnavyojua wenyewe, ni agenda ya mwisho, na katika vikao kumi na vinne vya kamati ile hatukuwahi kufika huko, maana kila mara chakula kilitangulia kufika.

Keria zililetwa tatu, na kwa kuwa hakuna mjumbe aliyewahi kuona keria, aliitwa dereva wa Naibu Waziri, Gwamaka, aliyekuwa fundi gereji kabla ya kupewa usukani. Akazizunguka, akazitikisa, akapiga magoti kusoma vibandiko vyake.

"Mheshimiwa, mimi nisiwafiche. Hii ya kufunga na mikanda kwenye mlango wa buti ni ya baiskeli za watoto. Imeandikwa hapa, mwisho kilo kumi na tano kila moja. Hii ya juu ya paa nayo itatutesa, nani atarusha kilo thelathini juu ya gari? Ila hii inayokaa kwenye ndoano ya tela, hii ndiyo yenyewe. Tairi zinakaa kwenye treyi, ina kingio cha kila gurudumu, na tukizitoa betri tukaziweka ndani ya gari, tunafika hata mwisho wa dunia."

Kilikuwa ni kikao cha pili, na jambo lilikuwa limekwisha. Lakini kamati haikuundwa ili jambo liishe.

Keria ya paani ilikataliwa kwanza, na Itifaki. Baiskeli zingekaa juu kuliko bendera ya gari, na juu kuliko kichwa cha Mheshimiwa aliyemo ndani. "Wananchi watauliza nani anamwongoza nani," wakasema.

Keria ya ndoano ilijaribiwa kwa siku kumi na moja. Ilionekana imara, na hilo halikuwa na mpinzani. Tatizo lake ni kwamba ilifunika namba ya gari, na ile namba ndiyo inayosema aliyemo ni Naibu Waziri. Katika safari ya majaribio askari wa barabarani hakupiga saluti. Alisimamisha gari, akamwomba leseni dereva, akamchungulia Dakta Mkwiche na kumwambia afunge mkanda, kama mtu. Mheshimiwa alirudi kikaoni akiwa mgonjwa. Kuhusu kutoa betri, ilikatazwa kabisa: zawadi isiyo na betri, walisema, ni kuku aliyekwishachinjwa.

Ikabaki ya mikanda. Gwamaka akarudia kusoma: kilo kumi na tano. Bi. Eufrazia akafungua daftari lake kubwa, akaweka kidole kwenye mstari.

"Unyoya wa kuku haufiki hata gramu moja," akasema. "Nyoya mbili hazifiki gramu mbili. Keria inabeba kilo kumi na tano kila upande. Dereva, hofu yako inatoka wapi?"

"Inatoka mikononi, mama. Nimezinyanyua."

"Mikono yako haijasajiliwa."

Hapo Sijaona, ambaye alikuwa amekaa pale mlangoni wiki ya tano akihesabu siku kwenye vidole, alishindwa kuvumilia. Akatoa kwenye mkoba wake mizani ya zahanati, ile ya kuning'iniza watoto wachanga, akaitundika kwenye kenchi ya veranda, na yeye na Gwamaka wakainyanyua baiskeli kuiweka kwenye ndoano. Mshale ulizunguka, ukapita kilo ishirini na tano ambazo ndizo mwisho wake, ukagota kwenye msumari, ukakaa pale unatetemeka.

Nakiri kwamba kwa sekunde chache sote tuliujua ukweli, na haikuuma hata kidogo. Kisha Bi. Eufrazia akasema mizani ile imezoea vichanga, kwa hiyo kila kitu inakiona kizito. Ikashikiliwa kwa uchunguzi. Keria ya mikanda ikapitishwa kwa kauli moja, na mimi nikaandika: "Mwakilishi wa Walengwa aliunga mkono."

Uzinduzi ulipangwa siku ya mwisho ya mwezi. Sijaona aliomba arudi kwao mapema, akaambiwa mpokeaji lazima atangulie awe zahanatini akiwa amevaa sare na anatabasamu. Hilo alilifanya kwa haraka kuliko walivyotegemea, kwa basi la alfajiri ya siku iliyofuata.

Siku ya safari Gwamaka alizifunga baiskeli kwa mikanda, halafu akaongeza kamba ya katani, mizunguko sita. Itifaki wakaja na kisu wakaikata, kwa sababu kamba inaleta picha ya umaskini. Tukaondoka saa mbili asubuhi, Mheshimiwa kiti cha nyuma, Bi. Eufrazia kando yake na daftari mapajani, mimi mbele na kalamu. Kwenye kila kijiji watu walipunga mikono, na Mheshimiwa alipunga pia, akidhani ni yeye.

Tulipofika kwenye kona ya daraja, mlango wa buti ulitoa sauti ya bati kuraruka. Kisha kishindo. Baiskeli ya kwanza ilikwenda moja kwa moja korongoni, ikagonga mawe mara tatu, ikaingia majini. Ya pili ilining'inia kwa mkanda mmoja, ikaburutwa mpaka Gwamaka aliposimama, na kufikia hapo ilikuwa imepoteza gurudumu, usukani na heshima.

Gwamaka alishuka mbio. "Mheshimiwa, zimeanguka!"

Dakta Mkwiche hakugeuka kutazama nyuma. Alimtazama Bi. Eufrazia. Bi. Eufrazia akafungua daftari.

"Keria inabeba kilo kumi na tano," akasema taratibu. "Mzigo ulikuwa nyoya mbili. Keria haiwezi kukatika. Na kama haiwezi kukatika, haikukatika."

"Mama, mimi nimesikia kishindo!"

"Unyoya ukianguka hausikiki, dereva. Ulichosikia ni kitu kingine."

Gwamaka aliomba dakika kumi tu ashuke korongoni aone kama ile ya kwanza yaweza kuokolewa. Akaulizwa anakwenda kuokoa nini, wakati baiskeli zipo nyuma ya gari. Basi akausukuma mtaroni ule mfupa wa ya pili, akarudi kwenye usukani, akaliwasha gari. Funika kombe mwanaharamu apite, ndivyo wahenga walivyosema, ingawa nadhani hawakutegemea kombe lenyewe litakuwa halipo.

Mtakuja walitupokea kwa ngoma. Keria tupu, mkanda wake mmoja unapepea, ilizungushiwa utepe wa rangi za taifa. Watoto walikuwa wanachungulia wakiulizana baiskeli iko wapi, wakubwa waliwafinya. Wakubwa wa nchi yetu wanajua kufinya. Sijaona alisimama mbele, sare imepigwa pasi, macho yake kwenye ile keria. Aliitazama mara moja tu, akaelewa. Niliona mabega yake yakishuka.

Dakta Mkwiche akaanza kuhutubia saa tano na nusu. Alieleza historia ya gurudumu. Alieleza umeme. Alisema kutoka zahanati hii hadi vitongoji vyote vya juu ni karibu tu, na kwa baiskeli hii mkunga atakuwa anakwenda na kurudi kabla uji haujachemka. Bi. Eufrazia akaandika "karibu tu."

Saa sita kasoro akatokea mwanamume anakimbia, shati limelowa jasho, akapasua umati kwa viwiko. Alikuwa Mwinjuma, mume wa Mwasiti.

"Nesi! Nesi, twende! Uchungu umemshika tangu alfajiri, na damu imeanza!"

Sijaona akachukua mkoba wake. Afisa wa Itifaki akamshika mkono, kwa adabu. Mpokeaji haondoki kabla ya kupokea. Hotuba haijaisha, na baada ya hotuba kuna kukata utepe, na baada ya utepe kuna saini.

"Nitasaini nikirudi, baba."

"Ukirudi utakuwa umeondoka."

Gwamaka akasogea, akasema yeye atampeleka kwa gari mpaka njia inapoishia, ni theluthi nzima ya safari. Lakini funguo zilikuwa zimeshachukuliwa na Itifaki, kwa kuwa shangingi lenye utepe haliwashwi. Mwinjuma alipiga magoti pale chini mbele ya jukwaa, akashika miguu ya suruali ya Naibu Waziri. Watu walipiga makofi, walidhani anashukuru. Nilitamani ardhi ipasuke. Sikuinuka.

Sijaona akaniangalia mimi mwenye karatasi.

"Ilete hapa hiyo," akasema. "Nikiweka saini mtaniachia?"

Nikamtazama Bi. Eufrazia, akaitikia kwa kichwa. Karatasi ilisema: Nimepokea baiskeli moja ya umeme, nzima, yenye betri, naondoka nayo. Aliisaini juu ya goti lake, haraka, bila kuisoma. Dakta Mkwiche, ambaye ana kipaji cha kutambua kilele cha sherehe, akaacha hotuba yake katikati, akakata utepe na kupaza sauti:

"Haya, mama, panda! Wananchi wakuone!"

Na Sijaona akaondoka, mbio kwa miguu yake, mkoba unampiga mgongoni, Mwinjuma nyuma yake. Ngoma zikapigwa. Niliandika: "Mpokeaji aliondoka kwa kasi." Sisi tukaenda kula pilau.

Sijaona alifika Kilima Ndege saa kumi na robo. Mapacha walikuwa wamekwishatoka, wa kiume wote wawili, wamepokelewa na jirani aliyejua kukata kitovu na asijue kuzuia damu. Wako hai mpaka leo. Mwasiti alikuwa amekufa, na mkeka wake haukuwa na mahali pakavu.

Nilidhani mambo yataishia hapo, maana kwetu vifo vya wazazi havina agenda. Lakini Mwinjuma aliandika malalamiko, na kwa kuwa yaligusa siku ya uzinduzi ilibidi apatikane mkosaji. Hawakuhangaika kumtafuta. Mtu mwenye baiskeli ya umeme, kwenye mwendo ambao ni karibu tu, alitumia saa nne na robo. Alikuwa wapi? Sijaona akashtakiwa kwa kuchelewa kwa makusudi akiwa na chombo cha serikali, na shtaka la pili lilikuwa kuipoteza baiskeli, kwa sababu alipotakiwa kuionyesha hakuwa nayo. Mwinjuma alikuja mahakamani kusema kwamba si huyo aliyemlalamikia. Akatolewa nje kwa kuingilia kesi yake mwenyewe. Gwamaka alitaka kutoa ushahidi. Alihamishwa wiki hiyo kuendesha gari la kunyonya vyoo mkoa wa mbali.

Shahidi nilikuwa mimi peke yangu. Nikasoma muhtasari wangu: baiskeli ilifika, ilikabidhiwa, mpokeaji aliweka saini, akaondoka nayo kwa kasi mbele ya umati. Saini ni yake. Mwandiko ni wangu, na nimesifiwa mara nyingi kwa mwandiko.

Hakimu akamwambia mshtakiwa kama ana swali kwa shahidi aulize. Sijaona alisimama. Alikuwa amekonda.

"Kaka, siku ile ulikuwa hatua tatu kutoka niliposimama. Hiyo baiskeli uliiona?"

Ukumbi mzima ukanigeukia. Nilikuwa na jibu, nalo lilikuwa neno moja, na naapa lilifika mpaka kwenye meno.

"Dada yangu," nikasema, "mimi sikuajiriwa kuona. Niliajiriwa kuandika yanayosemwa."

Hakunikasirikia. Ni afadhali angenikasirikia.

"Haya. Basi nasema, nawe andika. Nilipoingia kwenye migomba ya kwao nilimsikia Mwasiti ananiita. Aliita jina langu mara mbili. Nikaitika, nikakimbia. Nilipofika mlangoni alikuwa ameacha kuita."

Nilikuwa na kalamu mkononi, kwa mazoea. Nikamtazama hakimu. Hakimu akasema hilo halihusiani na baiskeli, lisiandikwe, nami nikaifunika kalamu.

Akahukumiwa miezi tisa. Hiyo niliiandika.